Mwenye Ruu Hapokei Simu

Vishikio vinne vya kuwashia jiko la Ozite Lemelle viliondoka Jumapili baada ya misa, ndani ya mkoba wa binti yake Rosalind. Rosalind alivichomoa kimoja kimoja wakati mama yake yuko chumbani anavua kofia ya kanisani. Ozite aliporudi jikoni alikuta vijiti vya chuma tu vimejitokeza mbele ya jiko la gesi, na binti yake anafunga zipu ya mkoba.

"Ni kwa muda tu, Mama," Rosalind alisema.

"Muda wa nani?"

"Mama, tafadhali."

"Nimekuuliza muda wa nani. Wangu au wako?"

Rosalind alitundika mkoba begani. Alifungua friza akamwonyesha maboksi sita ya chakula kilichopikwa kiwandani, kila boksi limeandikwa siku yake kwa kalamu nyekundu. Akamwonyesha na mahali pa kubonyeza kwenye maikrowevu, kana kwamba mtu aliyelisha shule nzima kwa miaka thelathini na mitatu angeshindwa na kitufe. Kisha akataja tena kile chumba cha nyumba ya wazee mjini Lafayette. Kina dirisha linaloangalia bustani, kina friji ndogo na birika la umeme, na chakula kinaletwa mara tatu kwa siku. Jiko hakuna. Yeye na kaka yake Wilfred, anayeishi Houston, walikuwa wameshakubaliana, na wenye nyumba ile ya kutunzia wazee walitaka jibu ifikapo Ijumaa.

"Wewe na Wilfred mmekubaliana," Ozite alisema. "Vizuri. Basi hamieni wewe na Wilfred."

Kama hujawahi kubishana na Ozite Lemelle, shukuru Mungu wako. Ana miaka themanini na mmoja, mfupi, kifua mbele, mikono imejaa alama ndogondogo za kuungua kuanzia kiwiko hadi vidole, na hapa kijijini kwetu Lawtell hakuna msiba wala ubatizo ambao sufuria yake ya chuma haijafika. Mama yake alimpa mwiko akiwa na miaka tisa. Alimsimamisha juu ya kreti la soda mbele ya jiko la kuni, akampimia unga na mafuta, akamwambia koroga. Ruu ya kwanza iliungua. Mama hakumpiga wala hakumkaripia; aliimwaga uani, akapima unga mwingine, akamrudisha kwenye kreti. Siku ile zilimwagwa ruu tatu, na unga wenyewe ulikuwa wa shida. Ya nne ndiyo waliyokula.

Ruu ni unga na mafuta tu, hakuna siri. Siri iko kwenye kusimama. Unakoroga juu ya moto mdogo bila kupumzika, rangi inahama kutoka ya mchanga kwenda ya karanga, kutoka karanga kwenda shaba, kutoka shaba kwenda chokoleti, na ukigeuka kuangalia nani anapita barabarani utarudi ukute chembe nyeusi. Chembe nyeusi ikishaonekana huna tena gambo, ule mchuzi wetu mzito, una takataka. Wengine humaliza kwa dakika thelathini. Ozite huchukua saa nzima na ushee, maana moto wake ni mdogo kuliko wa watu wote. Ndiyo sababu huku kwetu mtu mwenye ruu motoni ana haki zake. Hatumwi, hafungui mlango, hapokei simu. Hata padri akibisha hodi atajibiwa kwa mdomo, lakini hataonyeshwa uso.

Marehemu mumewe, Theogene, alimposa akiusemesha mgongo wake. Alikuja nyumbani kwao Jumamosi moja, shati jipya, kofia mkononi, akamkuta Ozite yuko jikoni na mwiko. Akasema aliyokuja kusema. Ozite hakugeuka. Alimwambia, "Subiri ifike rangi," na Theogene akasimama pale karibu nusu saa bila hata kukaribishwa kiti. Ozite husema kwamba alikubali kwa sababu ya ile nusu saa, kwa kuwa wanaume wawili waliomtangulia waliondoka kwa hasira kabla unga haujabadilika. Waliishi pamoja miaka arobaini na tisa.

Na pale shuleni alikopika, mwaka ule watoto weusi na wazungu walipoanza kusoma pamoja, alikuja msimamizi mpya kutoka ofisi ya wilaya, kijana mwenye tai, akaleta makopo ya unga wa rojo. Unaongeza maji ya moto, basi. Akamwamuru Ozite aache kupoteza asubuhi nzima kwa kukoroga. Ozite akaitikia, "Ndiyo, bwana." Akayapanga makopo yale rafuni kwa uzuri, akayafuta vumbi kila Ijumaa kwa miaka minne, na hakufungua hata moja. Yule kijana alihamishwa, akaja mwingine, makopo yakatupwa yakiwa bado yanang'aa.

Huyo ndiye mtu aliyevuliwa vishikio.

Kisa cha kuvuliwa ni taulo. Mwezi wa kumi taulo la jikoni lilishika moto juu ya jiko, likachoma na pazia, na Ozite akauzima moto mwenyewe kwa mfuniko na ndoo ya maji. Ukuta ulibaki na doa jeusi la upana wa mlango. Rosalind alipouliza, aliambiwa ni upepo wa dirishani. Wilfred naye akaambiwa upepo. Jirani, Mzee Alcide, ambaye alikuwa barazani kwake mchana ule wote na hakuona hata jani likitikisika, aliambiwa upepo pia, akaitikia, "Naam, upepo," kwa sababu ni mtu mwenye adabu.

Jumatatu Ozite alikula boksi la Jumatatu. Jumanne alikula boksi la Jumanne, nusu, nusu nyingine akampa paka, na paka akalinusa akaenda zake. Alikuwa na hasira ya kweli, ile inayomfanya mtu afagie mahali palipokwisha kufagiwa. Si kwamba Rosalind ni mtoto mbaya. Anafanya kazi benki Lafayette, anapiga simu kila siku saa nne asubuhi wakati wa mapumziko yake ya chai, anakuja kila Jumapili. Lakini Rosalind hununua ruu ya chupa, dukani, na kuificha nyuma ya kabati mama yake anapomtembelea, na mtu wa namna hiyo, Ozite aliona, hana haki ya kumwambia yeye lolote kuhusu jiko.

Jumatano baridi ikaingia.

Ilikuja kabla ya mapambazuko, baridi ya kwanza ya mwaka, upepo wa kaskazini unaopita chini ya mlango. Mtu wa huku hahitaji kuambiwa la kufanya siku hiyo: ni kupika gambo. Kufikia saa mbili asubuhi kila nyumba ya Lawtell yenye mtu ndani ilikuwa imeshatoa kuku, na kufikia saa tatu harufu ya unga unaokaangwa ilikuwa barabarani. Ozite alisimama mlangoni kwake na sweta, akaivuta harufu ile. Ilitoka upande wa kwa jirani yake Lucille, na kwa pua yake Lucille alikuwa ameweka moto mkubwa mno. Akarudi ndani, akafungua friza, akatazama boksi la Jumatano. Lilikuwa limeandikwa kuku na rojo.

"Aka," alisema peke yake.

Akaenda baraza ya nyuma, kwenye sanduku la vifaa vya Theogene, akatoa koleo. Akalifuta kwa sweta. Akarudi jikoni, akawasha kiberiti kwa mkono wa kushoto, akabana kile kijiti cha chuma kwa koleo, akakizungusha pole. Gesi ikalia, moto ukashika, akaupunguza hadi ukawa duara dogo la bluu. Ilikuwa kazi ya sekunde kumi. Rosalind alikuwa ameenda chuo kikuu, na hakukumbuka kwamba baba yake alikuwa fundi bomba.

Basi Ozite akafanya kila kitu kwa mpangilio wake. Vitunguu, pilipili hoho na seleri vilishakatwa na kuwekwa bakulini. Kuku alikuwa anachemka kwenye kile chungu kikubwa cha umeme ambacho Rosalind alimnunulia Krismasi na yeye akakitukana mwaka mzima. Soseji ya moshi ilikuwa ubaoni. Akamimina mafuta kwenye sufuria ya chuma, akasubiri, akatia unga, akaanza kukoroga. Ilikuwa inakaribia saa nne kasoro kumi.

Saa nne kamili simu ya ukutani ikalia.

Simu iko hatua sita kutoka jikoni, kwenye korido. Ozite aliisikia vizuri. Alijua ni nani na alijua atauliza nini. "Nakusikia," aliiambia simu, na mwiko ukaendelea kuzunguka. Ikakatika. Ikalia tena. Unga ulikuwa bado rangi ya mchanga. Ikakatika, ikalia. Simu ya mkononi nayo ikaanza kuimba chumbani, juu ya kitanda. Kwa muda zililia zote mbili pamoja, na Ozite akakoroga kwa mwendo wake uleule. Sitadanganya kwamba hakufurahi. Alifurahi. Siku tatu alikuwa amekula maneno ya watu na maboksi yao, na sasa hivi walikuwa wanamhitaji, na yeye alikuwa na kazi.

Yaliyotokea upande wa pili tunayajua kwa Mzee Alcide, ambaye huyasimulia kila anapopata msikilizaji na hutia chumvi, ila si nyingi. Rosalind alipopiga mara nyingi bila jibu alimpigia Wilfred, Wilfred akapiga naye, kisha Rosalind akampigia Alcide.

"Mzee Alcide, Mama hapokei simu. Tafadhali nenda kaangalie."

Alcide akatoka barazani na simu yake. Akatazama dirisha la jikoni la jirani. Kioo kilikuwa na mvuke na nyuma yake bega lilikuwa linakwenda na kurudi.

"Mama yako mzima," akasema. "Anakoroga."

"Anakoroga nini?"

"Mwanangu, toka nje unuse hewa. Leo watu wote wanakoroga."

"Haiwezekani. Vishikio ninavyo mimi, viko kwenye mkoba, ninavishika hapa."

"Basi unavyo. Na mimi namwona anakoroga."

Rosalind akashusha sauti. "Mzee wangu, nakuomba. Nenda ukamtoe jikoni, uzime gesi mpaka nifike."

"Nimtoe nani?"

"Mama."

"Nimtoe Ozite kwenye ruu," Alcide akasema. "Mwanangu, nina miaka themanini na tatu na ninatamani sana kufika themanini na nne. Nitasimama hapa barazani nimtazame. Nikiona moto nitapiga kelele. Zaidi ya hapo utakuja mwenyewe."

Rosalind akaja mwenyewe. Aliacha chai mezani, hakuaga vizuri, na aliendesha gari kutoka Lafayette kwa mwendo ambao Ozite hajawahi kuambiwa. Alifungua mlango wa mbele kwa ufunguo wake kwa sababu alipobisha alijibiwa kutoka ndani, "Una mikono." Akapita korido mbio, mkoba begani, akasimama mlangoni pa jikoni. Ruu ilikuwa imefika rangi ya shaba.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijalisema, kwa kuwa Ozite mwenyewe hakutaka lijulikane. Aproni yake ina kamba ndefu. Kamba hizo zilikuwa zimemzunguka kiuno mara moja, kama kawaida, halafu zikapita mbele, na ncha zake zilikuwa zimefungwa kwenye mpini wa mlango wa oveni. Fundo lilikuwa kubwa, limekazwa. Ozite alikuwa amejifunga kwenye jiko.

Rosalind alitazama fundo, akamtazama mama yake mgongoni, akatazama fundo tena.

"Mama, umejifunga."

"Nimejifunga."

"Kwenye jiko."

"Ulitaka nijifunge kwenye kitanda?"

"Nipe hilo koleo."

Koleo lilikuwa ndani ya mfuko wa aproni, na mpini wake ulionekana. "Hulipati," Ozite alisema. "Sufuria hii ni chuma. Hata ukizima moto sasa hivi itaendelea kuwa moto yenyewe, na nikiacha kukoroga itaungua. Nimesimama hapa tangu saa nne kasoro. Unataka kusema jambo, sema. Masikio hayakorogi."

Rosalind akatupa mkoba mezani. Vishikio viligongana ndani yake.

"Nimepiga simu mara kumi na moja."

"Mimi nimehesabu kumi na mbili."

"Kwa nini hukupokea?"

"Nina ruu."

"Hilo si jibu, Mama."

"Lilikuwa jibu katika nyumba hii kabla hujazaliwa. Ulikuwa na miaka sita ukaanguka barazani ukachanika goti. Ukaniita, sikuja. Ukaja mwenyewe ukasimama hapohapo uliposimama sasa, ukalia mpaka nilipomaliza, ndipo nikakuosha. Umekulia jikoni humu, Rosalind, na leo umesahau kwamba mwenye ruu hapokei simu. Alcide kakumbuka. Wewe una miaka hamsini na saba. Sasa nani hapa avuliwe vishikio?"

Rosalind akacheka kidogo bila kutaka, na kucheka kwenyewe kukamvunja, akavuta kiti akakaa. Alipozungumza sauti ilikuwa imebadilika.

"Njiani nilishakuzika," alisema. "Nilipofika Opelousas nilikuwa nimeshakuchagulia gauni."

"Lipi?"

"La bluu."

"Linanibana."

"Mama, sikutanii. Kila simu ikilia kazini nadhani ni watu wa zima moto. Ninakaa kwenye mkutano, naona ule ukuta. Usiniambie habari ya upepo. Mzee Alcide ni mwongo mbaya sana, anatazama viatu vyake. Niambie tu ukweli nijue ninabeba nini."

Mwiko ulizunguka. Ozite alikuwa na jibu tayari, lile la upepo, na alikuwa na mengine makali zaidi nyuma yake. Angeweza kumkata kauli kama alivyowakata watu wengi maisha yake yote. Lakini alikuwa amechoka kuulinda ule upepo, na ruu ilikuwa bado dakika kumi kufika.

"Niliweka mafuta motoni," alisema, uso kwenye sufuria. "Nikatoka barazani kukung'uta kitambaa cha meza. Nikakaa. Nilikaa vizuri tu, nikatazama barabara. Halafu nikasikia harufu ya kitu kinaungua, na unajua niliwaza nini? Niliwaza, nani huyu anachoma taka mchana huu. Nikawakasirikia majirani. Sikuwa nimesahau taulo, Rosa. Nilikuwa nimesahau kwamba nina jiko."

Rosalind alitazama lile doa jeusi ukutani.

"Nilijua kabla yako," Ozite akaendelea. "Kichwa ni changu. Unadhani ninyi ndio mmegundua, wewe na Wilfred kwenye simu zenu? Nilikaa sakafuni hapa na ndoo ya maji nikatetemeka mpaka jioni. Kesho yake nikajifunga. Tangu siku hiyo sijawasha moto bila kujifunga. Nikitaka kutoka, jiko linanivuta. Sihitaji kukumbuka. Na hakuna kilichoungua tena, hata wali."

"Na moto ukitokea umefungwa?"

"Nitakuwepo. Mwanzo sikuwepo, ndiyo ilikuwa shida."

"Mama, utaungua nao."

"Siungui. Nikivuta inafunguka. Tazama."

Mkono wa kulia ukaendelea kukoroga. Kwa wa kushoto Ozite akashika ncha ya kamba akavuta. Fundo halikufunguka. Akavuta tena, kwa nguvu, na mlango wa oveni ukafunguka kidogo ukajifunga kwa kishindo, na fundo likazidi kukaza. Alijaribu kucha, lakini vidole vyake vya siku hizi si vile vya zamani, na mwiko hauachwi. Akavuta mara ya nne. Kisha akaacha.

Hakugeuka kumtazama binti yake, na safari hii haikuwa kwa sababu ya ruu. Aliona aibu, na aliogopa. Alijua jambo hili limempa Rosalind kila kitu alichokuwa anakitafuta. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Aliona dirisha la bustani na birika la umeme, na siku zote zilizobaki za maisha yake akiletewa sahani na mtu mwenye sare.

"Hata hivyo siendi," alisema. "Unisikie vizuri. Fundo ni baya, nimeliona. Nitajifunza lingine. Lakini siendi kukaa mahali ambapo siwezi kumpikia mtu aliyefiwa. Mkitaka kunipeleka mtanibeba, na mtanibeba na mlango wa oveni."

Kiti kilikwaruza sakafu nyuma yake. Ozite alidhani Rosalind anachukua simu. Badala yake alihisi kamba ikicheza kiunoni. Rosalind alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu, sketi yake ya benki na yote, karibu kabisa na joto la oveni, na alikuwa anahangaika na fundo kwa kucha zake ndefu. Ilimchukua muda. Lilipofunguka alishusha pumzi, akazitazama ncha mbili mkononi mwake.

"Usiache kukoroga," alisema.

"Nani kaacha?"

Rosalind akapitisha kamba kwenye mpini, akakunja kitanzi kimoja, akakivuta ndani ya kingine, akaacha ncha moja ndefu ikining'inia upande wa kushoto wa mama yake, mahali mkono unapofika wenyewe.

"Vuta."

Ozite akavuta. Kamba ikaachia yote kwa mara moja, ikaanguka.

Rosalind akaifunga tena. "Nitawapigia wale watu leo," alisema huku anafunga. "Nitawaambia chumba hatuchukui. Vishikio ninavirudisha, na Wilfred nitazungumza naye mimi. Ila nitakuwa ninakuja, na sitakuwa ninapiga simu kwanza. Siku yoyote, saa yoyote. Kila unapowasha, unafunga namna hii. Siku nitakayokukuta umewasha na hujafunga, tutazungumza upya habari ya chumba."

"Siku hiyo usizungumze," Ozite alisema. "Vishikio uviache hapa kwenye jiko. Unichukue mimi."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuagiza chumvi, lakini Rosalind alibaki amepiga magoti bila kusogea, mkono kwenye mpini. Ruu ilikuwa imeanza kuwa chokoleti. Dirishani Mzee Alcide alionekana bado amesimama barazani kwake na koti, akijifanya anaangalia mfereji wa bati.

"Umesikia?" Ozite aliuliza.

"Nimesikia, Mama. Vuta."

Akavuta, kamba ikaachia. Rosalind akafunga. Akavuta, ikaachia. Walifanya hivyo mara sita, mwiko ukizunguka, na mara ya saba Ozite akaguna kwamba amekwisha elewa, yeye si mtoto.

"Najua," Rosalind alisema, akakaza kitanzi. "Vuta tena."